Kathepsini sita bega kwa bega: ipi uifanyie kazi?

Ukiingia kwenye mada ya lisosomu, kifuko cha kuvunjia taka ndani ya seli, hukawii kukutana na herufi: kathepsini A, B, C, D, hadi X. Vitabu vingi huzifunga zote katika fungu moja, kwamba ni vimeng'enya vinavyokatakata protini zilizochakaa. Si uongo, ila maelezo hayo hayamsaidii mwanafunzi wa uzamili anayetakiwa kuchagua moja aikalie miaka miwili au mitatu, wala kikundi kinachotaka kujua ni ipi inafaa kuzuiwa kwa dawa na ipi ikiguswa itamwumiza mgonjwa. Nimechukua sita zinazotajwa zaidi: K, C, S, B, L na D.

Kigezo changu nakitaja mapema ili msomaji ajue napimia nini. Watafiti wengi huanza kwa kuuliza kimeng'enya kinaleta uharibifu gani kikizidi. Mimi huanza upande wa pili: mtu aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho anaishije? Swali hili lina mapungufu yake, na yatajitokeza tukifika kwenye K, lakini linachuja haraka kuliko jingine lolote ninalolijua.

Kwanza tuelewane kuhusu ukoo. Lisosomu ilipewa jina na Christian de Duve mwaka 1955, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1974. Ni kifuko chenye asidi, pH yake ikiwa kati ya 4.5 na 5, na ndani yake mna vimeng'enya vipatavyo 60 vya kuvunja protini, mafuta, sukari na asidi za kiini. Kathepsini ni sehemu ya hivyo tu. Kumi na moja kati yake hutumia asidi amino ya sisteini kukatia: B, C, F, H, K, L, O, S, V, W na X. D na E hutumia aspatiki. A na G hutumia serini. Kwa hiyo herufi hazionyeshi undugu hata kidogo: C na D zimekaa jirani kwenye alfabeti, lakini kikemia kila moja ina ukoo wake. Hili lina matokeo maabara. E-64, kizuizi (kemikali ya kuzima kimeng'enya) kinachotumika mno, hufunga nyingi za kundi la sisteini na kuiacha D ikiendelea na kazi kama kawaida. Pepstatini A hufanya kinyume chake. Ukisoma makala inayodai kwamba kathepsini zote zilizimwa kwa E-64, weka alama ya kuuliza pembeni.

Zote huzaliwa katika umbo la awali lisilofanya kazi, likiwa na kipande cha ziada kinachoziba mahali pa kukatia. Zikipita kwenye Golgi, sehemu ya seli inayopanga na kusafirisha protini, nyingi hubandikwa alama ya manosi yenye fosfati, na alama hiyo ndiyo inayozielekeza kwenye lisosomu. Watoto wenye hitilafu katika kimeng'enya kinachobandika alama hiyo hupata ugonjwa wa seli I: vimeng'enya hutengenezwa vizuri tu, halafu vinamwagwa nje ya seli huku lisosomu zikijaa taka.

K: bingwa wa mifupa aliyeangushwa na kiharusi

Kathepsini K ndiyo yenye hadithi iliyonyooka kuliko zote, na ndiyo iliyowagharimu watu fedha nyingi. Inatengenezwa kwa wingi na osteoklasti, seli zinazobomoa mfupa ili mwingine ujengwe. Osteoklasti hujibandika kwenye mfupa, huziba kingo zake pande zote, kisha humimina asidi katika nafasi iliyobaki chini yake. Asidi inayeyusha madini, na kinachobaki ni kolajeni tupu, nyuzi tatu zilizosokotwa kwa kukazwa. Vimeng'enya vingi haviwezi kuutafuna msokoto huo ukiwa mzima. K inauweza, tena inaukata sehemu nyingi. Zingatia kwamba kazi hii inafanyika nje ya seli, hivyo ile picha ya kathepsini iliyojifungia ndani ya lisosomu haitoshi hapa.

Mwaka 1996 iligundulika kwamba hitilafu za jeni ya K ndizo chanzo cha piknodisostosisi. Mwenye ugonjwa huu huwa mfupi, mifupa yake ni mizito kwenye picha za eksirei lakini huvunjika kirahisi, ncha za vidole ni fupi, na utosi unaweza kubaki wazi hata ukubwani. Wapo wanaodhani mchoraji Mfaransa Toulouse-Lautrec alikuwa nao. Ni dhana tu, ingawa imekuwepo tangu miaka ya 1960.

Kampuni za dawa zililisoma hili kwa shangwe: punguza K kidogo, na mwanamke aliyekoma hedhi hatapoteza mfupa. Balikatibu ilijaribiwa mapema ikakwama. Molekuli yake ilikuwa ya kibesi, na besi hupenda kujazana ndani ya lisosomu kwa sababu ya asidi iliyomo. Ilijilundika humo mpaka ikagusa na kathepsini nyingine ambazo hazikuwa lengo, na baadhi ya wagonjwa wakapata ngozi ngumu yenye mabaka. Kama unabuni vizuizi, hilo ni somo zima la mwaka wa kwanza: kiasi cha dawa kilichopimwa kwenye damu hakikwambii kiasi kilichomo ndani ya lisosomu.

Odanakatibu ya Merck ilibuniwa kukwepa mtego huo. Ilikuwa kidonge kimoja kwa wiki, na jaribio lake kubwa lilihusisha zaidi ya wanawake 16,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Kuvunjika kwa nyonga kulipungua kwa karibu nusu, na kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa zaidi ya nusu. Kwa dawa ya mifupa, hayo ni matokeo ya kujivunia. Kisha wakahesabu viharusi, vikawa vingi zaidi upande wa dawa kuliko upande wa kidonge bandia. Mwaka 2016 kampuni ikaachana nayo.

Hapa ndipo kigezo changu kinapopwaya. Waliozaliwa bila K walitabiri mifupa mizito, na mifupa ikawa hivyo. Kiharusi hawakukitabiri. Wagonjwa wa piknodisostosisi ni wachache, wengi wao huchunguzwa wakiwa vijana, na huwezi kuwasoma wao ukajua yatakayompata mama wa miaka 75 ambaye mishipa yake imeshakuwa migumu. K ipo pia kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye ngozi. Ugonjwa adimu unakuonyesha njia, lakini hauoni kila kitu kilichopo njiani.

C: iliyofika hospitalini

Ukiuliza watu ni kathepsini gani yenye umaarufu mdogo, C itatajwa mapema. Hata umbo lake ni la pekee: wakati ndugu zake wa ukoo wa sisteini hutembea mmoja mmoja, C ni vipande vinne vilivyoungana. Na haichakazi protini ovyo. Inanyofoa asidi amino mbili tu mwanzoni mwa mnyororo. Kazi hiyo ndogo ndiyo inayoamsha silaha za neutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu: elastasi, proteinasi 3 na kathepsini G. Yote hufanyika kwenye uboho, neutrofili ikiwa bado inakomaa.

Sasa weka kigezo kazini. Watu wasio na C wana dalili za Papillon-Lefèvre, zilizoelezwa na madaktari wawili wa Ufaransa mwaka 1924, na jeni yake ikajulikana mwaka 1999. Viganja na nyayo zao huwa na ngozi nene iliyopasuka. Fizi huvimba vibaya, meno ya utotoni yanang'oka, ya ukubwani yanaota na kung'oka nayo. Ni mateso ya kweli. Lakini tazama kisichotokea: ingawa neutrofili zao zimepungukiwa silaha, wengi wao hawasumbuliwi na maambukizi makali ya mara kwa mara kama ambavyo ungetarajia. Mwili unajimudu bila C, isipokuwa kwenye ngozi na fizi.

Upande wa pili wako wenye brokiektasisi, ambao njia zao za hewa zimetanuka, zimejaa makohozi, na neutrofili zinamwaga elastasi humo hadi kuta zinaliwa. Kuizuia elastasi yenyewe kumejaribiwa sana. Wazo la kwenda nyuma hatua moja, kuizima C ili elastasi isiamke tangu kwenye uboho, ndilo lililozaa brensokatibu. Ni kidonge cha kila siku, na kwa kuwa kinafanya kazi kwenye neutrofili zinazozaliwa, hakina athari ya papo kwa hapo. Lazima zile za zamani ziishe kwanza. Katika jaribio la wiki 52, vipindi vya ugonjwa kupamba moto vilipungua kwa takriban moja ya tano. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha mwezi Agosti 2025. Na madhara waliyoyafuatilia kwa karibu ni yapi? Ngozi kuwa nene, na matatizo ya fizi. Yaleyale ya mwaka 1924, kwa kiwango cha chini mno.

Moja ya tano si muujiza, na sipendi kuitia chumvi. Ila ukilinganisha na K, tofauti ni dhahiri. K ilionyesha manufaa makubwa zaidi kwa namba, ikaanguka kwa madhara ambayo hakuna aliyeyatazamia. C ilitoa manufaa ya wastani, na madhara yake yalikuwa yameshaandikwa mapema kwenye miili ya watu. Ningekuwa mwekezaji, najua ningelala usingizi kwa ipi.

S: kwa anayependa kinga ya mwili

Sifa mbili zinaitofautisha S. Ya kwanza, inavumilia pH isiyo ya asidi, wakati wenzake wengi huharibika wakitoka nje ya lisosomu. Ya pili, kwenye seli zinazowasilisha vipande vya vijidudu kwa kinga ya mwili, S ndiyo inayokata mnyororo unaoziba nafasi kwenye molekuli za MHC za daraja la pili (vishikilio vya kuonyeshea vipande hivyo), ili kipande cha kijidudu kipate pa kukaa. Ukiizima, uwasilishaji unadorora. Kinadharia ni dawa ya magonjwa ambayo kinga inaushambulia mwili wenyewe. Kivitendo, jaribio la awamu ya pili kwa wagonjwa wa Sjögren, ambao kinga yao hushambulia tezi za mate na machozi, halikuleta nafuu iliyotarajiwa. Na kwa kigezo changu S ina kasoro: hakuna ugonjwa maarufu wa binadamu uliojengeka juu ya ukosefu wake, kwa hiyo unategemea panya zaidi. Mada nzuri ya maabara, dau la hatari kwa dawa.

B na L: chanda na pete

Hizi mbili sizitenganishi kwa sababu seli nazo hazizitenganishi. Panya asiye na B huonekana mzima. Panya asiye na L hunyonyoka manyoya kwa vipindi, na moyo wake hutanuka akikua. Asiye na zote mbili ubongo unasinyaa, na hufa kati ya wiki ya pili na ya nne. Yaani moja ikikosekana, nyingine inaziba pengo, na kwenye neva pengo lenyewe ni la kufa na kupona. Anayepanga kuzuia zote mbili kwa pamoja na kwa muda mrefu alisome jaribio hilo kabla ya lolote.

B ina kitanzi kinachofunika upande mmoja wa mahali pa kukatia, na kwa sababu hiyo hupunguza protini kutoka mwishoni, asidi amino mbili mbili, ingawa inaweza kukata katikati pia. Umaarufu wake uko kwenye mambo mawili. Kwenye kongosho, huweza kuiamsha tripsinojeni, umbo la awali la kimeng'enya cha kumeng'enya chakula, ikiwa bado ndani ya seli, na mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya wasio na B hupata uvimbe wa kongosho ulio hafifu zaidi. Kwenye saratani, hutolewa nje ya seli na kusaidia uvimbe kupenya tishu za jirani. Eneo la saratani limejaa watu, na mwanafunzi anayeingia humo leo na swali la kupima tu wingi wa B kwenye uvimbe atajikuta anarudia yaliyokwisha kufanywa. Kuna kona ndogo yenye mvuto zaidi, ambayo ni ngozi. Mwaka 2017, familia za Afrika Kusini na za Norway zenye ugonjwa wa ngozi ya viganja na nyayo inayobambuka, hasa majira ya baridi, zilikutwa na kipande cha DNA kilichojirudia jirani na jeni ya B, nacho huongeza utengenezaji wake. Hapa ugonjwa unatokana na kuzidi, na umerithiwa, jambo ambalo ni nadra kwenye ukoo huu.

L ilipata jina kubwa wakati wa UVIKO-19. Virusi vya SARS-CoV-2 vina milango miwili. Kwenye uso wa seli, protini yao ya mwiba hukatwa na TMPRSS2, kimeng'enya kilichopo kwenye utando wa seli. Pasipo na TMPRSS2, virusi humezwa na kuingia kwenye endosomu, vifuko vinavyobeba vilivyomezwa, na huko L ndiyo inayokata. Klorokwini hupunguza asidi ya endosomu, kwa hiyo ilionekana kuvizuia virusi kwenye seli za figo za nyani, ambazo hutegemea mlango wa pili. Walipojaribu kwenye seli za mapafu ya binadamu zenye TMPRSS2, haikufua dafu. Dawa iliyopigiwa debe dunia nzima ilikuwa imefunga mlango ambao virusi havikuuhitaji. Virusi vya Ebola ni kisa tofauti: protini yao ya nje hukatwakatwa na B na L kwenye endosomu, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2005.

D: usiizuie, iongeze

Kwa D kigezo changu kinajibu bila kusita. Panya aliyezaliwa bila D hufa akiwa na siku kama 26. Kondoo wenye hitilafu ya D huzaliwa wakitetemeka, ubongo ukiwa umesinyaa. Binadamu aliyeikosa kabisa huzaliwa na kichwa kidogo na degedege, na kwa kawaida haishi muda mrefu baada ya kuzaliwa. Ugonjwa huo ndio CLN10, mmoja katika familia ya magonjwa ambayo seli za neva hujaa mabaki yenye mafuta. Wenye hitilafu nafuu huishi zaidi, ila hupoteza uwezo wa kuona na wa kutembea hatua kwa hatua.

D pia ni miongoni mwa vimeng'enya vinavyovunja alfa-sinukleini, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Parkinson. Kwa hiyo swali la kitabibu linageuka: utaifikishaje zaidi kwenye ubongo? Jirani yake ameshaonyesha kwamba inawezekana. TPP1 nayo hukata protini ndani ya lisosomu, ukosefu wake huleta CLN2, na tangu 2017 kuna tiba iliyoidhinishwa, serliponasi alfa. Mtoto huwekewa kifaa chini ya ngozi ya kichwa, na kila wiki mbili kimeng'enya humiminwa moja kwa moja kwenye ventrikali za ubongo, miligramu 300 kwa dozi ya kawaida, kwa sababu kikipitia damuni hakivuki kizuizi cha kuingia ubongoni. Seli hukimeza kwa kukitambua kwa ile alama ya manosi yenye fosfati niliyoitaja juu. Tiba haimrudishi mtoto alikotoka, inapunguza kasi ya kupoteza uwezo wa kutembea. Njia hiyohiyo kwa D imeanza kujaribiwa kwa panya.

Kazi ya meza ya maabara

Kama chaguo lako litategemea vifaa ulivyo navyo, yapo ya kujua kabla hujaagiza chochote. Kipimo kinachopendwa ni kipande kifupi cha asidi amino kilichofungwa kwenye AMC, ambayo hung'aa ikikatwa. Z-Phe-Arg-AMC hukatwa na B na hukatwa na L. Mwangaza ukiuona haukwambii nani kakata. Z-Arg-Arg-AMC huelemea kwa B. Fanya kipimo mara mbili, kimoja kikiwa na CA-074, kizuizi cha B, na tofauti kati ya viwili ndiyo B yako. Ukitaka kizuizi kinachoingia kwenye seli hai utaambiwa utumie CA-074 yenye methili. Hiyo huwa inagusa hata L, kwa hiyo usiiite ya B pekee. Kundi la sisteini linahitaji DTT, kemikali ya kuzuia uoksidishaji, au kitu cha namna hiyo ndani ya bafa (mmumunyo wa kipimo), la sivyo sisteini inaoksidika na utapata sifuri isiyo ya kweli.

D ni nafuu kwa anayeanza. Iko nyingi karibu kila seli, pepstatini A inaizima vizuri, na hatua za kukomaa kwake zinaonekana wazi kwenye jeli: 52, kisha 48, kisha 34 na 14, zote kwa kilodaltoni. Ukitia bafilomisini, asidi ya lisosomu hupungua na umbo la awali hujazana. Ni jaribio la siku mbili linalofundisha mambo mengi. K inakudai osteoklasti, nazo zinataka subira na mkono mwepesi. C inakudai neutrofili au uboho, na neutrofili zilizotolewa mwilini hazidumu.

Panya nao wana hila zao. Binadamu ana V, panya hana, na L ya panya inafanana zaidi na V yetu kuliko na L yetu. Vizuizi vya K vilivyotengenezwa kwa binadamu huwa dhaifu kwa panya, ndiyo maana odanakatibu ilipimwa kwa sungura na nyani. Matokeo ya panya yakikwama kwenye K, usikimbilie kusema kimeng'enya hakina kazi.

Basi uchaguzi wangu. Anayetaka kazi iliyo karibu na mgonjwa aende kwa C, kwa kuwa maswali ya sasa ni ya kweli: nani hasa ananufaika, na magonjwa gani mengine ya neutrofili yataitikia. Anayependa mifupa abaki na K, ila alenge kuelewa mishipa ya damu badala ya kutafuta kizuizi kingine. Mwenye maabara ndogo na muda mfupi achukue D. Anayevutiwa na virusi achukue L, akiwa na seli za mapafu zenye TMPRSS2 tangu siku ya kwanza. B naiacha kwa mwenye wagonjwa wa ngozi au wa kongosho mkononi, na S kwa aliye tayari kwenye kikundi cha kinga chenye seli za kupimia uwasilishaji wa MHC.

Kwa kikundi cha dawa orodha ni fupi zaidi. C inazuilika. D inaongezwa, haizuiwi. B na L zinaweza kuvumilika zikizuiwa kwa siku chache, kwa mfano kwa mgonjwa wa maambukizi makali, na sioni sababu ya kujaribu kwa miaka. K isirudi kwa wazee mpaka suala la mishipa liwe na majibu.